Siku kumi nyuma ya Anelka

Daftari lenyewe ni la kurasa 96. Mende wamelila kona moja, na kurasa mbili zimegandana kwa chai iliyomwagika Chirundu. Niliandika humo Juni 2010 nikiwa njiani kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Afrika Kusini, safari niliyoifunga kwa ajili ya mtu mmoja: Nicolas Anelka, mshambuliaji wa Ufaransa. Hapa nimenyoosha sentensi tu, na mambo niliyoyajua baadaye nimeyatia kwenye mabano.

Kwa vijana ambao hawakumwona: msimu wa 1998/99, akiwa na Arsenal, Anelka alifunga magoli 17 ya ligi akiwa kinda wa miaka kumi na tisa na ushei. Mchangani kwetu Manzese kila mwenye mbio aliitwa Anelka. Mimi sikuwa na mbio. Niliitwa Anelka kwa sababu ya kununa.

Jumapili, 13 Juni. Ubungo hadi Tunduma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Ubungo, wapiga debe wanagombea begi langu kama vile mimi mwenyewe sipo. Mkononi nina mkate na maji, mfukoni pasipoti na kadi ya njano ya chanjo, na dola mia tatu na kumi ziko kwenye soksi ya kushoto. Tiketi za mpira anazo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, fundi magari Johannesburg. Ni mechi mbili: Ufaransa na Mexico mjini Polokwane tarehe 17, na Ufaransa na wenyeji mjini Bloemfontein tarehe 22.

Watu ndani ya basi bado wanazungumza habari za Brazil. Jumatatu iliyopita walikuja Dar wakatufunga tano kwa moja, lakini ukisikiliza mazungumzo utadhani ni lile moja la Jabir Aziz tu lililofungwa siku ile.

Mimi nawaza Ijumaa. Niliwatazama Ufaransa na Uruguay kwenye kibanda umiza, sifuri kwa sifuri, benchi halina mgongo. Anelka alikuwa mbele peke yake, mpira haumfikii, basi akawa anarudi kuufuata hadi katikati ya uwanja. Dakika ya 72 akatolewa, akaingia Henry. Jamaa mmoja nyuma yangu akasema timu iliyofuzu kwa mkono haiwezi kucheza kwa miguu. Alikuwa na maana ya ule mkono wa Henry dhidi ya Ireland, Novemba mwaka jana.

Mikumi tumeona pundamilia na nyani. Baada ya hapo bonde la mibuyu, halafu Kitonga, ambako basi lilipanda likipumua kama mgonjwa wa pumu na mama niliyekaa naye akashika tasbihi. Ni Mama wa Makambako, mfanyabiashara wa vitenge, anakwenda Lusaka. Ameshaniuliza mara mbili kama nimeoa.

Tukiingia Mbeya redio ikasema Ghana wamepata penalti na Gyan amefunga. Basi zima likapiga kelele, hata waliokuwa usingizini. Tunduma tumefika saa tatu usiku, mpaka umefungwa. Tunalala kwenye siti.

Jumatatu, 14 Juni. Nakonde hadi Kapiri Mposhi

Asubuhi tumevuka kwa miguu kati ya malori na wabadilisha fedha. Saa zimerudi nyuma saa moja. Ukivuka barabara hapa ugali unageuka nshima, na Mama wa Makambako ameniambia mbele huko utakuwa sadza, halafu pap. Jina tu, mahindi ni yale yale.

Siku nzima miti. Isoka, Mpika, Serenje, halafu miti tena. Kameruni wamefungwa na Japani moja bila.

Jambo lenyewe la leo lilitokea usiku, baada ya Serenje. Kijana mmoja mwenye kofia nyekundu, kinyozi anayekwenda Durban, aliomba gari lisimame watu wachimbe dawa. Dereva hakujibu. Akaomba tena, na mara ya tatu akainuka akaenda mbele. Yakasemwa maneno. Mimi nilikuwa siti ya tisa, nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Nilichoona ni taa za ndani zinawaka, gari linasimama, na konda ametanda mlangoni: amuombe dereva radhi mbele ya abiria wote, ama ashuke tukifika Kapiri.

Kijana hakuomba. Kapiri Mposhi akachukua begi lake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akashuka gizani nchi ya watu. Tukaondoka.

Kabla ya Kabwe habari ilikuwa imeshazunguka siti zote na kurudi kwangu. Wa mbele walisema amemtukana dereva mama yake. Wa katikati walisema hapana, amemwambia hajui kuendesha. Wa siti za nyuma kabisa, ambao hata injini waliisikia kwa shida, walikuwa na tusi zima, neno kwa neno.

Mama wa Makambako hakugeuza hata shingo. "Mimi alisimama hapa ubavuni kwangu, mwanangu. Hakutukana. Alisema, *wewe, simamisha gari.* Mtu mzima wa umri wa baba yake, anamwita *wewe*."

Jumanne, 15 Juni. Lusaka, Chirundu, Harare

Lusaka alfajiri, baridi. Mama ameshuka na marobota yake, ameniachia chapati tatu na nasaha.

Chirundu tumefika mchana. Kituo ni kipya, kimeanza Desemba, Zambia na Zimbabwe wanakugongea mihuri sehemu moja. Nimeingia mgahawani, na nani nimkute anakunywa chai? Kofia nyekundu. Alipata lori la shaba usiku ule ule na katutangulia kwa saa nne.

Nikakaa. Nikamuuliza, ndugu yangu, ulimwambia nini yule mzee?

"Nilimwambia asimamishe gari."

"Hayo tu?"

"Ningesema mengine ningekuwa nimeridhika. Ndiyo maana mpaka sasa naumwa." Akacheka hadi akaipiga meza goti, chai ikaja juu ya daftari.

Harare usiku. Pembeni ya kituo kuna mtoto anauza noti za zamani za dola trilioni mia moja. Nimenunua moja kwa dola mbili za Marekani, maana hapa tangu mwaka jana ndizo zinazotumika. Kwa mara ya kwanza maishani mimi ni trilionea, na sina hela ya nyumba ya kulala wageni.

Jumatano, 16 Juni. Harare hadi Beitbridge

Basi jingine, na hili viyoyozi vinafanya kazi, jambo ambalo Juni hakuna aliyeliomba. Masvingo, mawe makubwa yamepandana kama yamepangwa na mtu. Uswisi wamemfunga Hispania.

Foleni ya Beitbridge ilianza saa moja usiku. Upande wa Afrika Kusini maofisa walikuwa na televisheni ndogo nyuma ya kioo, wenyeji wanacheza na Uruguay mjini Pretoria. Goli la kwanza la Forlán, mihuri ikapungua mwendo. Kipa wao Khune akapewa nyekundu, mihuri ikasimama. Tatu bila. Dada aliyenihudumia hakuniuliza nakwenda wapi wala kufanya nini. Aligonga muhuri kama anaua mbu, akasema, "Go well," huku macho yako kwenye kioo.

Alhamisi, 17 Juni. Polokwane

Kaka alinisubiri kituo cha mafuta, ameegemea gari la mteja. Miaka sita hatujaonana. Akanitazama tangu viatu, akasema, "Umekuja na koti hilo?" akafungua buti na kunitolea blanketi.

Uwanja wa Peter Mokaba unaufahamu tangu mbali. Kona zake nne zimejengwa kama mashina ya mibuyu. Nikacheka peke yangu, maana siku nne nyuma nimepita kwenye mibuyu ya kweli na hakuna aliyenidai tiketi.

Tumekaa nyuma ya goli. Vuvuzela hazisikiki masikioni, zinasikika kwenye meno. Wamexico wengi, wana kofia pana zinazotukinga sisi tusione. Niliwaona Ufaransa wakija kupasha misuli moto, namba 21 wa mwisho mwisho, kichwa chini, anagusa mpira mara moja moja kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Miaka kumi na miwili nimeitwa jina la mtu yule.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kitu. Anelka alifanya kile kile alichofanya na Uruguay kule Cape Town: akikosa mpira mbele anaufuata nyuma, akiufuata nyuma hakuna mtu mbele. Mabeki wa Mexico wakawa wanatazamana, hawana wa kumkaba. Mara moja alisimama karibu na mstari wa katikati, mikono kiunoni, akaangalia benchi. Benchi nalo likamwangalia. Ilikuwa mbali, nyuso sikuziona.

Mapumziko, Kaka alikwenda kutafuta chipsi, mimi nikapanga foleni ya choo. Niliporudi timu zimeshatoka. Nikatafuta 21. Nikahesabu wachezaji mara mbili. Kuna namba 11, Gignac.

"Kaumia," akasema Kaka akiwa na chipsi mdomoni.

Hernández wa Mexico akafunga dakika ya 64, akamzunguka kipa mpira ukaingia wenyewe. Mzee Blanco akaongeza kwa penalti dakika ya 79, baada ya kukimbia kwenda kuupiga kutoka mbali sana, kama anatokea Zimbabwe. Henry alikaa benchi mpaka mwisho.

Usiku ule nimeandika mstari mmoja juu ya jambo hili, na nauacha ulivyo (HT ni mapumziko): *HT Anelka hayupo. Kaumia?*

Basi. Huo ndio ushahidi wangu wote. Nilikuwa ndani ya uwanja ule ule, wao chini ya jukwaa, mimi kwenye foleni ya choo, na nilichosikia ni vuvuzela.

Ijumaa, 18 Juni. Johannesburg

Kaka anakaa Yeoville, chumba kimoja, jiko la umeme na kitanda anacholala zamu na Mmalawi. Nimelala mchana kutwa. Uingereza na Algeria sifuri kwa sifuri, usingizi umeendelea.

Jumamosi, 19 Juni. Yeoville

Tumeamka na habari Ulaya imewaka moto. Gazeti la michezo la Ufaransa, L'Équipe, limeandika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, maneno ambayo Anelka anadaiwa kumwambia kocha Raymond Domenech chumba cha kubadilishia nguo, mapumziko ya Polokwane. Ni tusi la nguoni, sehemu ya pili linamgusa mama. Hapa siliandiki. Ajabu ni kwamba Wafaransa ndio waliosema ni aibu, na Wafaransa ndio waliolichapa kwa herufi za ukubwa wa kiatu.

Mtaa huu umejaa Wakongo. Saluni ya kona ina televisheni, na kinyozi wake ni mzee wa Lubumbashi anayejua Kifaransa na Kiswahili chao, kwa hiyo tumehamia pale. Kila mtu anamwita Papa. Kwake timu ya Ufaransa ni ya nyumbani kidogo: Makelele kazaliwa Kinshasa, kipa Mandanda kazaliwa Kinshasa. Anaizungumzia kama mjomba anavyozungumzia watoto wa dada yake walioolewa kwa matajiri.

Kutwa nzima Papa amekuwa akitutafsiria huku mashine ya kunyolea inanguruma. Rais wa shirikisho lao, Escalettes, amemtaka Anelka aombe radhi hadharani. Anelka amekataa. Jioni wametangaza: ameondolewa kikosini, arudi kwao.

Mimi nilisimama. Sijui kwa nini, nilisimama tu, shuka la kunyolea bado liko shingoni.

Kaka akaniuliza, "Sasa na wewe unaondoka?"

Halafu wakamwonyesha nahodha, Evra, amekaa pembeni ya kocha mbele ya waandishi. Papa akazima mashine ili asikie vizuri. "Anasema shida si Anelka. Shida ni *traître* mwenye eko kati yabo."

Msaliti. Yaani aliyepeleka maneno nje. Saluni ikagawanyika pale pale. Mzimbabwe mmoja akasema tusi ni tusi, mtoto akimtukana baba sebuleni au chumbani adhabu ni moja. Mkongo kijana akasema chumba cha wachezaji ni kama jikoni, mambo ya jikoni hayaletwi mezani. Mimi nilikuwa na swali jingine kabisa, ila sikupata nafasi: nani aliyasikia? Wachezaji kumi na kadhaa, viatu vinagonga sakafu, mtu anavua soksi, mwingine yuko bafuni. Kwenye basi letu watu walikuwa wamekaa kimya na bado tulitoka na matusi matatu.

(Anelka alishikilia siku zote kwamba hakusema maneno yale. Alilishtaki gazeti akashindwa. Domenech naye, miaka baadaye, alisema yaliyochapwa siyo aliyoyasikia. Kwa kauli yake, Anelka alimwambia akaiendeshe mwenyewe hiyo timu yake mbovu, na kwamba yeye anaacha, na lilikuwamo neno chafu pia. Ila kuna jambo moja aliloandika kwenye kitabu chake lililonifanya niweke kitabu chini nikamkumbuka Mama wa Makambako. Kifaransa kina "wewe" mbili, ya rika na ya heshima. Domenech alisema kilichomchoma kuliko tusi ni kwamba Anelka alimwita kwa ile ya rika.)

Jumapili, 20 Juni. Yeoville

Saluni imefunguliwa ingawa ni Jumapili. Papa ametoka kanisani na suti.

Asubuhi Ribéry amejitokeza kwenye kipindi cha televisheni ya kwao, hakualikwa, miguuni ndala, anakaribia kulia, anasema dunia nzima inawacheka. Tulidhani hiyo ndiyo habari ya siku.

Mchana ikaja ya Knysna. Ni mji mdogo wa pwani, mbali na hapa, ambako Ufaransa wamepanga hoteli ya kifahari ambayo hata waziri mmoja wa kwao aliilalamikia bei. Leo ilikuwa mazoezi ya wazi, mashabiki wamekuja, watoto na madaftari ya kusainiwa. Wachezaji wakashuka kwenye basi, wakasaini, wakapiga picha. Halafu nahodha Evra na mkufunzi wa viungo, Robert Duverne, wakaanza kurushiana maneno, Domenech akaingia katikati kuwatenganisha. Duverne akatupa saa yake ya kupimia mbio, akaondoka zake. Wachezaji wakarudi ndani ya basi. Wakafunga mapazia.

Tuliiona ile picha labda mara ishirini: basi limesimama, pazia zimeshuka, na nje watu wazima wenye suruali za michezo wanatembea huku na huko hawajui washike nini. Mkurugenzi wa msafara, Valentin, akapita mbele ya kamera akisema anaacha kazi, anarudi Paris. Na mwisho kabisa, kocha mwenyewe akashika karatasi mbele ya waandishi akasoma tamko la wachezaji waliomgomea.

"Ngoja," Kaka akasema. "Mgomo ni dhidi ya nani?"

"Ya shirikisho," Papa akajibu.

"Na anayesoma ni kocha?"

"Ndiyo."

"Aliyetukanwa?"

Papa akavua miwani akaifuta kwa tai.

Tamko lilisema wanajutia tukio la mapumziko, ila wanajutia zaidi kuvuja kwa jambo ambalo ni la kundi lao peke yao. Na kwamba shirikisho halikulitetea kundi wala halikuwauliza wao, limemfukuza Anelka kwa maneno ya gazetini.

Nitasema ninachofikiri. Kuhusu shirikisho walikuwa sahihi. Ni aibu kumhukumu mtu kwa ukurasa wa mbele. Ila walichagua mahali pabaya pa kusema, mbele ya watoto wenye madaftari. Na pia, Anelka mwenyewe hakuwapo. Jana usiku ameshaondoka Knysna. Watu ishirini na mbili wamefunga pazia kwa ajili ya mtu ambaye yuko njiani kwenda nyumbani kwake London.

Usiku Brazil wamemfunga Ivory Coast tatu kwa moja hapa hapa mjini. Kelele zimetufikia dirishani. Sikwenda kutazama.

Jumatatu, 21 Juni. Barabara ya Bloemfontein

Kilomita mia nne, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, upepo unasukuma gari pembeni. Kaka amekataa nisikilize redio, anasema Anelka amemchosha. Lakini ilipofika saa ya habari alifungua mwenyewe. Wamefanya mazoezi leo. Waziri wao wa michezo, Roselyne Bachelot, amekutana nao Bloemfontein, amewaambia wameichafua nchi. Anasema wachezaji walilia.

Ureno wamewafunga Korea Kaskazini saba. Kaka: "Hao hawana hata muda wa kutukanana."

Jumanne, 22 Juni. Bloemfontein

Saa kumi jioni, jua lipo ila halina kazi. Uwanja wote ni njano. Wenyeji wanahitaji kushinda kwa magoli mengi na Mexico na Uruguay wasitoke sare. Hesabu hiyo kila mtu anayo kichwani na hakuna anayeisema kwa sauti.

Kikosi cha Ufaransa kiliposomwa Evra hayumo. Nahodha ni Alou Diarra. Wimbo wa taifa wao ulipopigwa niliwahesabu midomo. Ni tabia mbaya niliyoianza Polokwane, kuhesabu watu.

Dakika ya 20 Khumalo wa wenyeji kafunga kwa kichwa, kona. Dakika ya 25 Gourcuff wa Ufaransa kapewa nyekundu, kiwiko. Dakika ya 37 Mphela, la pili, na habari zikapita kwenye majukwaa kwamba kule Rustenburg Uruguay wamefunga. Hapo ndipo nilipoona uwanja mzima unaamini. Babu aliyekaa mbele yangu, mwenye kofia ya ujenzi iliyochongwa pembe, alianza kuhesabu kwa vidole magoli yaliyobaki, akafika kwenye kidole cha pili, akakishika, hakukiachia mpaka kipindi cha pili kilipoanza.

Niseme ukweli: nilikuwa nashangilia. Nimesafiri siku tano kwa ajili ya Ufaransa nikajikuta nawazomea. Nadhani nilikuwa namlipizia kisasi mtu ambaye hata hakuniomba.

Malouda akarudisha moja dakika ya 70, Ribéry katoa pasi. Mbili kwa moja. Afrika Kusini wameshinda na wametoka, wenyeji wa kwanza wa Kombe la Dunia kuishia hatua ya makundi. Babu akaachia kidole.

Baada ya filimbi kocha wa Afrika Kusini, Parreira, mzee wa Kibrazili, alimwendea Domenech na mkono mbele. Domenech akakataa kuushika. Parreira akamshika kiwiko, akimuuliza, Domenech anatikisa kidole. Kutoka tulipokaa ilikuwa ni watu wawili wadogo wanaonyoosheana mikono. Waliokuwa jirani yangu walishaanza kujazia maneno: "Anamwambia hivi." "Hapana, anamwambia vile."

(Agosti 17 shirikisho lao lilitoa adhabu: Anelka mechi 18, Evra tano, Ribéry tatu, Toulalan moja. Mechi kumi na nane kwa mtu wa miaka 31 ambaye hakuwa na nia ya kurudi. Alicheka, na akasema wazi kwamba anacheka. Aliishia mechi 69 na magoli 14 kwa taifa lake.)

Jumapili, 27 Juni. Tunduma

Jana Ghana wamewatoa Marekani, goli la Gyan tena, muda wa nyongeza. Upande wa Nakonde watu bado wanaimba.

Nimevuka na begi, blanketi la Kaka, noti ya trilioni mia moja na shilingi elfu tisa. Ofisa wa upande wetu alikuwa mzee mnene mwenye redio ya mkononi sikioni. Akafungua pasipoti, akaona mihuri.

"Ulikwenda mpira?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Uliona mechi gani?"

Nikamtajia. Nilipofika kwenye Polokwane akashusha redio. Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu, akainama dirishani.

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mzee."

"Hebu niambie, mwanangu, hawa wa magazeti hawaandiki vizuri. Yule kijana alimwambiaje hasa kocha?"

Foleni nyuma yangu ikasogea. Wawili watatu wakatoa vichwa pembeni ili wasikie.

"Mzee," nikasema, "mimi nilikuwa chooni."

Akanitazama kwa muda mrefu. Akagonga muhuri, akanirudishia pasipoti, na nilipokuwa naokota begi nikamsikia akimwambia mwenzake wa dirisha la pili: "Anajua huyu. Hataki tu kusema."